Kubadilisha triga ya bunduki: kufunga ni dakika 20, kuijaribu ndo kazi yenyewe

Haya wakuu, hii ni kwa yule ambae tayari ana bunduki yake ya bolti (ile unayovuta na kusukuma chuma chake kwa mkono kila risasi) kihalali, kanunua triga ya pembeni, yaani ya kampuni nyingine sio ile iliyokuja na bunduki, iko kwenye boksi anaiangalia tu, na anataka aifunge mwenyewe. Naongelea zaidi Remington 700 na zile zote zilizotengenezwa kwa umbo lake, maana triga nyingi za Timney, TriggerTech, Jewell na wenzao zimetengenezwa kukaa hapo, na ukielewa hiyo moja nyingine utazisoma tu. Kama sheria ya kwenu inasema kazi hii ni ya fundi mwenye leseni basi mpelekee fundi, ila soma hadi mwisho kwa sababu majaribio ya mwishoni huko unatakiwa uyafanye wewe hata kama kafunga fundi wa namna gani.

Kitu kimoja niseme mapema. Watu wanaogopa sana kufunga na hawaogopi kabisa kujaribu, na hapo wamegeuza mambo. Kufunga ni pini mbili tu. Lakini triga nyepesi ambayo haijajaribiwa inaweza ikafyatuka siku umefunga bolti kwa haraka, au siku umetoa sefti (kile kifungo cha usalama) ili utoe risasi, wala kidole chako hakikuwa karibu. Mimi iliwahi kunitokea, bahati bunduki ilikuwa tupu na ilikuwa juu ya meza, nitafika hapo.

Vitu vya kuwa navyo

Panchi ya pini yenye ncha bapa, nyembamba kidogo kuliko pini yenyewe, sio msumari tafadhali, msumari unakwaruza na unapanua tundu. Nyundo ndogo. Nyundo ya mpira. Bisibisi au alenki inayoingia sawasawa kwenye skrubu za stoki, ule mwili wa mti au plastiki wa bunduki. Risasi bandia mbili tatu za mazoezi. Mizani ya triga, iwe ya springi au ya dijitali, hii usiseme utaazima baadae, bila mizani utakuwa unabahatisha. Spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kama unaweza kuipata. Na taulo la rangi nyeupe utandike mezani, utaona faida yake springi ya kwanza ikiruka.

Risasi za kweli zote zitoke chumbani. Sio zisogezwe pembeni, zitoke kabisa ziwekwe chumba kingine na mlango ufungwe, kwa sababu utakuwa unavuta triga mara mia na zaidi leo na mkono unazoea.

Kutoa ya zamani

Toa magazini, fungua bolti, angalia chemba (pale risasi inapokaa) kwa macho halafu ingiza kidole kidogo uhakikishe. Chomoa bolti kabisa iweke pembeni. Kwenye 700 ya kawaida bolti inatoka kwa kubonyeza kile kiswichi kidogo kilichopo mbele ya triga ndani ya gadi (ile duara inayozunguka triga), kikumbuke hicho kiswichi maana baadae tutahakikisha bado kinafanya kazi.

Kabla hujafungua chochote, ipime triga ya zamani kwenye mizani mara tano uandike namba. Wengi wanaruka hapa halafu wanakuja kusema mpya ni nyepesi sana, nyepesi kuliko nini sasa wakati hukupima?

Fungua skrubu za chini, toa risiva (kile chuma cha katikati bolti inamopita) na mtutu kwenye stoki. Inyanyue wima taratibu, usipindishe, kama stoki imetengenezewa bedi ya gundi inabana kidogo. Sasa unaiona triga yote inaning'inia chini ya risiva kwa pini mbili. Piga picha na simu. Piga upande wa kushoto, wa kulia, na kwa nyuma, piga nyingi, hazina gharama.

Upande wa kushoto utaona kipande cha bati kimekaa pembeni ya triga na springi ndogo, hicho ndo kizuizi cha bolti, kazi yake ni kuizuia bolti isichomoke ukivuta nyuma. Pini moja kati ya zile mbili inakishikilia hicho pia, kwahiyo ukiigonga yote itoke kwa mara moja, kizuizi kinaanguka na springi inaenda inakojua yenyewe. Mimi yangu ya kwanza niliitafuta jioni nzima na tochi, nikaikuta imenasa kwenye soksi. Ujanja ni kuitoa pini nusu tu, kiasi cha kuachia triga lakini bado imeshika kizuizi, au kuifuatisha na panchi nyingine nyuma yake ili panchi ikae mahali pa pini. Weka risiva kwenye kitu laini chenye shimo pini ipitie, gonga kidogo kidogo. Pini hizi zimenyooka tu, hazina meno, zikigoma weka tone la mafuta ya kulainisha usubiri, usiongeze nguvu.

Angalizo lingine dogo, juu ya triga ya kiwandani kuna sia, kile kipande kinachokamata mkia wa pini ya kufyatulia ukikoki bunduki, na chini yake kuna springi ndogo sana. Triga ikishuka sia nayo inaweza kuteleza ikatoka. Triga mpya nyingi zinakuja na sia yake ndani kwahiyo ile ya zamani huihitaji, lakini usiitupe. Vyote vya zamani viingie mfuko mmoja, pini, sia, springi, triga, na andika juu namba ya bunduki.

Kuweka mpya

Soma kwanza karatasi iliyokuja nayo. Najua, hakuna anaesoma, ila karatasi hiyo inakwambia mambo mawili ambayo mimi siwezi kukwambia kwa kila triga: skrubu ipi unaruhusiwa kugusa na ipi imefungwa kiwandani, na kama unatumia pini zako za zamani au zilizomo kwenye boksi.

Futa sehemu ya chini ya risiva, ile grisi ya miaka kumi itoke. Triga mpya usiipake mafuta. Nitarudia, usiipake mafuta wala grisi ndani isipokuwa karatasi imesema upake. Mafuta yanashika vumbi, yanaganda, kwenye baridi yanakuwa kama asali, na triga ambayo vipande vyake vinategemea kusogea upana wa unywele haitaki asali. Ikichafuka, mafuta ya kujazia kiberiti cha utambi (ya maji, sio gesi) yanaisafisha vizuri na yanakauka bila kuacha kitu, ila fanya mahali penye hewa na pasipo na moto.

Ipandishe triga mahali pake, ingiza pini ya mbele kwanza hadi ishike, halafu ya nyuma, ukihakikisha kizuizi cha bolti na springi yake vimerudi kama kwenye picha zako. Pini ziingie kwa kusukuma au kwa kugonga kidogo sana. Ikibidi ugonge kwa nguvu simama, matundu hayajakaa sambamba, itikise triga utaona pini inateleza yenyewe. Baadhi ya triga zina skrubu ndogo juu ya mgongo wa kukaza triga isicheze kwenye risiva, hiyo unaikaza mpaka iguse tu basi, ukizidisha unaibana nyumba ya triga na sia inaanza kusuasua. Pini zote mbili zisitokeze pembeni, zitakwaruza stoki.

Rudisha bolti. Inaingia? Inasimama kwenye kizuizi ukivuta nyuma kwa nguvu? Ukibonyeza kiswichi inatoka? Mambo hayo matatu yakikubali ndo unaendelea.

Na kabla ya kurudisha kwenye stoki jaribu kukoki na kuvuta mara chache huku risiva iko nje. Hapa kuna sababu yake. Kama hapa nje inafanya vizuri halafu ndani ya stoki inaharibika, umeshajua kosa liko kwenye stoki na sio kwenye triga, umejiokolea masaa.

Stoki ndo inawaponza wengi

Triga ya pembeni mara nyingi ni nene kidogo kuliko ya kiwandani, na sefti yake inaweza kuwa na mkono ulionyooka tofauti. Ile nafasi iliyochongwa kwenye stoki ilichongwa kwa ajili ya triga ya zamani. Kwahiyo paka mbavu za triga rangi ya maka peni au lipstiki pande zote, weka kwenye stoki, kaza skrubu, chezesha sefti mbele nyuma, halafu toa uangalie palipoacha alama. Palipoacha alama punguza mti au plastiki kwa msasa kidogo, rudia. Usipunguze triga! Nimeshaona mtu kaikwangua triga kwa tupa ili iingie, na pesa alizolipia zile, nikakosa la kusema.

Hakikisha pia ulimi wa triga, pale kidole kinapovuta, haugusi gadi popote, mbele, nyuma wala pembeni. Pitisha kipande cha karatasi kati yake, karatasi ipite bila kushikwa.

Skrubu za stoki kaza kwa toki aliyosema mtengenezaji wa stoki. Stoki zenye bloku ya aluminiamu nyingi zinakubali hadi inchi-pauni 65, yaani kama Nm 7.3, mti mtupu usiupeleke huko utaupondaponda, huko ni kwenye 40 hivi au chini, kama Nm 4.5. Baada ya kukaza ipime triga tena, kwa sababu kuna stoki ambazo zikikazwa zinapinda kidogo na kila kitu kinabadilika.

Uzito

Mtego uko hapa. Triga nyingi za kuwindia zinarekebika kati ya pauni 1.5 na 4 hivi, na pauni moja ni gramu 454. Mtu akiona inashuka hadi 1.5 basi anaishusha hadi 1.5 siku hiyo hiyo. Kaka, hiyo ni gramu 680. Kwa bunduki ya mezani, ya kulenga shabaha ukiwa umekaa na umetulia, sawa. Kwa bunduki unayotembea nayo porini, umevaa glavu, mkono una baridi, moyo unadunda, ibakize kati ya pauni 2.5 na 3.5, karibu kilo 1.1 hadi 1.6. Raha ya triga nzuri haitoki kwenye wepesi peke yake, inatoka kwenye kukatika bila kuburuza, triga safi ya pauni 3 utaisikia nyepesi kuliko mbovu ya pauni 2.

Skrubu kwa kawaida ziko tatu. Ya uzito, inabana springi, hiyo ni yako cheza nayo robo mzunguko kwa robo mzunguko na upime kila mara. Ya safari ya ziada, inazuia triga isiendelee kurudi nyuma sana baada ya kukatika, ukiikaza kupita kiasi sia inakwaruza ikishuka au haishuki kabisa. Na ya tatu ya mshiko wa sia, inaamua vyuma viwili vimeshikana kwa upana gani. Hiyo ya tatu ikiwa imetiwa laki kiwandani iache. Iache tu. Ile hadithi yangu ya mezani ilitoka hapo, nilitaka kuondoa kile kiburuzo kidogo kilichobaki, nikazungusha kidogo nikavuta nikasikia tamu sana, nikazungusha tena kidogo, nikafunga bolti kwa kishindo na nikasikia "ta". Sijagusa triga. Vyuma vilikuwa vimeshikana kwa upana usiotosha, mtikisiko wa bolti ukaviachanisha. Nikairudisha kiwandani waipange upya na toka siku hiyo skrubu ile siigusi.

Kupima, shika bunduki imelala imara, ndoano ya mizani ikae katikati ya ulimi pale kidole kinapokaa, vuta kunyooka nyuma polepole. Chukua namba kumi. Zikitofautiana kwa wakia mbili tatu (wakia 16 ni pauni moja) ni kawaida, ikiwa moja ni pauni 2.2 na nyingine 3.1 kuna kitu kinagusa mahali au kuna uchafu, rudi kwenye stoki.

Majaribio bunduki ikiwa tupu

Angalia chemba tena. Ndio, tena.

Jaribio la kwanza la sefti. Koki, weka sefti, vuta triga kwa nguvu kuliko unavyovuta siku zote, achia. Subiri kidogo. Sasa toa sefti taratibu, kidole kikiwa mbali. Isilie, yaani usisikie pini ikifyatuka. Halafu vuta triga, hapo ndo ilie. Fanya mara ishirini na usihesabu kichwani, weka njiti pembeni uhamishe moja moja. Kwa nini hili ni la muhimu kuliko yote, ni kwamba kwenye triga za muundo huu sefti ikiwekwa inaishikilia sia juu, na ukivuta triga, ulimi unasogea kutoka chini yake. Kama ulimi haujarudi mahali pake sababu ya uchafu, springi dhaifu au mti wa stoki unaogusa, basi kinachozuia bunduki isipige ni sefti peke yake, na wewe sasa unaitoa. Inapiga wakati wa kutoa sefti. Na watu wanatoa sefti wakati gani? Wanapotoa risasi. Zile 700 za kabla ya 1982 ndo balaa zaidi kwa sababu sefti yake ilikuwa inafunga na bolti, huwezi kufungua bolti bila kutoa sefti kwanza.

Rudia jaribio hilo hilo lakini badala ya kutoa sefti yote iache katikati, kati ya mbele na nyuma, iguse guse, vuta triga ikiwa hapo katikati halafu malizia kuitoa. Isilie ikimalizia. Ikilia hata mara moja kati ya ishirini, bunduki hiyo haijapona.

Jaribio la bolti. Sefti imetolewa, funga bolti kwa nguvu na kwa haraka kama mtu anaekimbizwa, mara ishirini, kila mara baada ya kufunga vuta triga usikie mlio. Kama huusikii maana yake ilishajipiga wakati wa kufunga na kishindo cha bolti kiliuficha mlio, ndo maana nasema vuta kila mara. Unaweza pia kuangalia kwa nyuma ya bolti, mkia wa pini ya kufyatulia ukiwa umekokiwa unaonekana umekaa nyuma, ikishapiga umesogea mbele.

Jaribio la kugonga. Koki, sefti imetolewa, chukua nyundo ya mpira gonga stoki juu ya risiva, pembeni zote mbili, kwenye kitako, chini karibu na gadi. Sio kuipiga kama ngoma, ni kama unavyogonga mlango wa mtu mzima. Halafu inyanyue wima sentimita 20 hadi 30 juu ya mkeka wa mpira na uangushe kitako kiguse mkeka, mara tano, darubini ikiwa imetolewa kama unaionea huruma. Baada ya kila kipigo angalia mkia, halafu vuta triga. Rudia yote sefti ikiwa imewekwa.

Ikifeli lolote kati ya haya, ongeza uzito kwanza, nusu pauni, na jaribu tena yote toka mwanzo, sio lile lililofeli tu. Ikifeli tena kwenye uzito mkubwa usiendelee kuhangaika, rudisha triga ya zamani na hii mpya irudi kwa aliyeitengeneza.

Renji

Siku ya kwanza na risasi za kweli usijaze magazini. Ingiza moja, mdomo wa mtutu umeelekea kwenye tuta la udongo muda wote tangu unaanza kufunga bolti, piga. Moja tena. Fanya hivo kama kumi. Halafu weka mbili, halafu tatu. Angalia fataki (kile kiduara cha kitako cha risasi kinachogongwa na pini) kwenye maganda yaliyotoka, alama ya pini iwe katikati na yenye kina kile kile kama zamani, ikiwa hafifu au bunduki imegoma kupiga, sia inaweza kuwa inakwaruza mkia wa pini unapopita na kuupunguzia nguvu, hiyo ni safari ya ziada imekazwa mno.

Risasi zikienda mahali tofauti na zamani usishangae wala usiilaumu triga, umetoa risiva kwenye stoki na kuirudisha, panga darubini upya. Na kidole chako nacho kinahitaji muda, siku ya kwanza mimi nilipiga mbili kabla sijawa tayari, mdomo ulikuwa kwenye tuta kwahiyo hakuna kilichoharibika zaidi ya heshima yangu mbele ya waliokuwepo.

Ukirudi nyumbani ipime tena mara kumi ulinganishe na namba zako za mezani. Kama iko pale pale, weka nukta ya rangi ya kucha juu ya kila skrubu na pembeni yake, siku skrubu ikizunguka rangi inapasuka utaiona. Gundi ya kuzuia skrubu isilegee nayo sawa lakini tone dogo kwa ncha ya sindano, ikitiririka ndani ya triga umeiua.

Ule mfuko wa triga ya zamani, kabla hujaufungia kabatini kama spea, angalia ni ipi. Remington waliita zirudi triga zao za X-Mark Pro mwezi wa Aprili 2014, zile zilizotengenezwa kuanzia Mei 2006 hadi Aprili 2014, kisa gundi iliyozidi wakati wa kuunganisha ambayo ingeweza kufanya bunduki ijipige yenyewe. Kama yako ni ya kipindi hicho na haikuwahi kurudishwa, andika kwa maandishi makubwa juu ya mfuko ISIFUNGWE, maana wewe unajua lakini atakaeurithi mfuko huo hajui.